Bakteria wa koo wanaotulinda bila sisi kujua

Majibu ya maabara yakisema "wameota bakteria wa kawaida wa koo tu", mgonjwa huona hajaambiwa chochote. Anakunja karatasi, anaondoka. Mimi ndiye ninayeandika sentensi hiyo, maana kazi yangu ni kuotesha bakteria, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuiheshimu. Hao wa kawaida wana kazi yao, tena kubwa.

Niliiona kazi hiyo kwa macho yangu nikiwa bado mwanafunzi. Mwalimu alichora mstari mpana wa Streptococcus salivarius katikati ya sahani ya agari yenye damu, yaani jeli tunayooteshea bakteria. Huyu ni mkazi wa mdomo na koo, humwingia mtoto siku za mwanzo kabisa za maisha yake. Kesho yake tukaukwangua mstari wote, tukaua masalia kwa mvuke wa klorofomu, kisha tukakatiza hapo mistari myembamba ya Streptococcus pyogenes, yule wa mafindofindo yenye usaha, ambaye asipotibiwa anaweza kuishia kuharibu vali za moyo. Tulipoitoa sahani kwenye inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea, pyogenes alikuwa ameota vizuri huku na huku, kila mstari una ukanda angavu pembeni ambapo damu imeyeyuka. Lakini katikati, pale alipokuwa salivarius, mistari yote imekatika. Pengo tupu, agari nyekundu kama ilivyokuwa. Na salivarius mwenyewe tulishamuua! Kilichobaki ni protini ndogo alizokuwa amezimwaga ndani ya agari, na hizo zilitosha kumzuia mwenzake asiote.

Si kila salivarius anaziweza hizo. Mwalimu alituchagulia aliye mkali. John Tagg wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, amewafuatilia bakteria wa namna hii kwa miaka mingi, na anayejulikana zaidi ni aina ya salivarius iitwayo K12, anayetoa protini ndogo za namna hiyo mbili, salivarisini A na salivarisini B.

Wengine wana mbinu zao. Puani yupo Corynebacterium accolens, anayevunja mafuta ya ngozi na kuachia asidi zinazomzuia Streptococcus pneumoniae, yule wa nimonia. Mwaka 2016 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walieleza kuhusu Staphylococcus lugdunensis anayetengeneza antibiotiki yake mwenyewe mle mle puani. Walipima pua za wagonjwa 187. Kati ya wasio na lugdunensis, asilimia 34.7 walikuwa na Staphylococcus aureus, yule wa majipu na maambukizi ya damu. Kati ya walio naye, asilimia 5.9 tu.

Anayenigusa kuliko wote ni Neisseria lactamica. Ni ndugu wa karibu wa Neisseria meningitidis, anayeleta homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaoweza kuondoa mtu ndani ya siku moja. Lactamica hukaa kwenye koo za watoto wadogo bila kumdhuru mtu. Mtoto anapokua anampoteza, na ujanani ndipo meningitidis anapoanza kuonekana kwa wingi kooni. Robert Read na wenzake nchini Uingereza wakaamua kujaribu: wakawatia wanafunzi wa chuo kikuu matone ya lactamica puani, na kundi lingine likapata maji ya chumvi. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Katika kundi zima lililotiwa lactamica, waliokuwa na meningitidis walishuka kutoka asilimia 24.2 hadi 14.7 kwa wiki mbili tu. Na hapa ni bakteria hai tu, wamedondoshwa puani.

Sasa fikiria tunavyowatendea. Mtu ana mafua, ambayo ni ya virusi, anameza amoksilini aliyoibakiza mara ya mwisho. Virusi haviguswi hata kidogo. Wanaofagiliwa ni hawa hawa, na koo linabaki wazi kwa yeyote atakayewahi. Hili linaniuma, nalisema kila ninapopata nafasi.

Lakini pia sitaki mtu aanze kujitibu kwa bakteria. Miaka ya 1960 nchini Marekani, watoto wachanga walipakwa kwa makusudi aina ya Staphylococcus aureus iitwayo 502A ili kuwazuilia aina kali iliyokuwa ikienea kwenye wodi. Ilifanya kazi, ila baadaye mtoto mmoja alifariki kwa maambukizi ya 502A yenyewe. Hata lugdunensis niliyemsifia hapo juu akiingia kwenye damu anaweza kushambulia moyo.

Kwa hiyo naelewa kwa nini kikundi cha Read kinakwenda taratibu. Mwaka 2021 walitoa habari za lactamica aliyeongezewa jeni moja ya meningitidis, ile ya NadA, protini ya kujishikiza kwenye seli. Wengi wa waliojitolea walikaa naye kooni kwa siku 90 bila kuugua, na miili yao ikatengeneza kingamwili dhidi ya protini hiyo. Natamani sana siku moja nisikie kazi hii imefika kwenye ule ukanda wa homa ya uti wa mgongo, kuanzia Senegal hadi Ethiopia, ambako milipuko imezika watu wengi mno.