Chupa ya haradali

Juzi tumekaa mezani, mwanangu mkubwa kashika chupa ya haradali anaibonyeza juu ya soseji, si mnajua inavyokoroma ikibaki kidogo, mara akaacha, akaiinua kwenye taa, akaniuliza, "Baba, eti ndo hii walimrushia Lane?"

Anamwita Lane hivyohivyo kama mtoto wa nyumba ya pili. Shuleni kwao wiki hiyo hakukuwa na habari nyingine, maana Jumapili ya tarehe 30 Novemba 2025 Lane Kiffin, kocha wa futiboli ya Kimarekani, alitangaza anaiacha Ole Miss, timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi, anaenda LSU, ya chuo cha Louisiana, na hiyo Ole Miss ametoka kuishindia mechi 11 kapoteza 1 tu, mashindano ya ubingwa yanakaribia kuanza, na yeye huyo anafunga mizigo. Watu wa Mississippi roho zikawauma. Hapa Knoxville, mji wa timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee, ikawa "si tuliwaambia, si tuliwaambia", na picha zote za 2021 zikarudi kwenye masimu, na ile ya chupa ya njano imelala kwenye majani ya uwanja ndo ikawa ya kwanza kabisa kunifikia.

"Ndo hiyo," nikamjibu. "Nilikuwepo."

Hakuamini mpaka mama yake alipomwambia ni kweli, baba yako alirudi saa nane usiku ananuka soseji mwili mzima. Basi nikamsimulia, lakini nilimsimulia nusu.

Huyu jamaa alikuja kufundisha timu ya hapa, Tennessee, mwisho wa 2008, ana miaka 33, anaongea sana, anaahidi makubwa, na watu wakampenda, hili siku hizi hawalisemi lakini walimpenda. Akakaa msimu mmoja, ule wa 2009, akashinda 7 akapoteza 6, halafu usiku wa tarehe 12 Januari 2010 akaita waandishi, akaongea kama dakika moja, akaondoka zake kwenda USC, timu ya chuo huko California. Wanafunzi wakatoka nje wakachoma magodoro. Mimi nilikuwa na miaka mitatu tu nchini, nafanya kazi ya kuosha vyombo usiku, na mzee mmoja Mmarekani tuliyekuwa naye zamu alisugua sufuria moja ileile tangu tunaingia mpaka saa ya mapumziko, haongei. Nikadhani kafiwa. Nilipomuuliza akaniambia kocha ameondoka. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, nikajua nimesikia vibaya.

Baada ya huzuni ndo yakaja masihara, na hayo masihara hayajaisha mpaka leo. Kuna mtu alianzisha ombi kabisa jiji liupe mtambo wa maji taka jina la Kiffin. USC walipomfukuza 2013, na walimfukuzia uwanja wa ndege timu imerudi kutoka kufungwa Arizona, hapa watu walipigiana simu kama kuna harusi. Mtoto anazaliwa hapa anakua anajua vijembe vya Kiffin kabla hajajua huyo Kiffin ni nani, kama wanangu hawa.

Sasa Oktoba 16, 2021, Jumamosi, Kiffin anarudi Neyland, uwanja wa Tennessee, akiwa na Ole Miss.

Kanisa letu wakati ule tulikuwa tunachangisha hela ya gari, na pale uwanjani vikundi vya makanisa na mashule vinaruhusiwa kusimamia vibanda vya vyakula, mnafanya kazi bure halafu sehemu ya mauzo inaenda kwenye kikundi chenu. Kwa hiyo tulikuwa kumi na mbili pale ndani, Warundi na Wakongo, Kiswahili ndo lugha ya jikoni, Mama Mchungaji ndo msimamizi. Timu yenyewe inaitwa Volunteers, wajitoleaji, na sisi tumevaa beji zimeandikwa volontia, jambo hilo lilimfurahisha Mama Mchungaji kuliko mechi yenyewe, kila mara anasema "na sisi ni wa timu hii wanangu, tena bila kucheza."

Watu walikuwa zaidi ya laki moja. Uwanja wakati ule ulikuwa unachukua 102,455 na tiketi ziliisha. Mimi nimekulia kambini Mtabila, kambi ya wakimbizi Tanzania, nimeona watu walivyojaa siku ya mgao, lakini laki moja na karibu wote wamevaa rangi ya chungwa, halafu wanapiga kelele mpaka vikombe vinatembea vyenyewe kwenye kaunta, hilo lilikuwa jipya kwangu. Mchezo hatukuuona, kibanda kiko kwenye korido nyuma ya viti, tunafuata kelele tu, ikiwa juu ujue Tennessee wamefanya kitu, ikizama ujue wale wengine.

Masihara yalianza kabla mpira haujaanza. Kila anayekuja dirishani ana lake. Mmoja, kijana wa kama miaka ishirini na tano, mnene, kavaa ile ovaroli yao ya mistari ya chungwa na nyeupe, alifika akaagiza hotidogi mbili na maji, akaniinamia kama ana siri akaniambia, "Lane akija hapa kuagiza usimpikie kaka, utaweka soseji kwenye moto, ukigeuka keshaondoka yuko kibanda kingine." Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu mpaka Mama Mchungaji akaniuliza kuna nini, nikamtafsiria, na yeye akacheka, na tukawa tunalirudia lile neno usiku mzima kwa Kiswahili, mtu akichelewa kuchukua chakula chake tunasema huyu ni Lane. Nikampa yule kijana maji yake na pakiti nne za haradali. Akasema Mungu akubariki.

Mpaka hapo ilikuwa furaha na sitaki mtu aje aniambie haikuwa furaha.

Kuelekea mwisho dirisha likabaki halina mtu, wote wamekwenda kuangalia. Ole Miss wako mbele 31 kwa 26. Kijana wetu mmoja wa kwaya naye katoroka kwenda kuchungulia, Mama Mchungaji akaniambia, "Nenda kamlete mtoto wa watu, usafi haujafanyika na mama yake atanidai mimi." Nikapandisha ile njia ya zege inayotokea kwenye viti, bado nina eproni na glavu za plastiki mkononi, na nikatokea juu kwenye taa.

Zimebaki sekunde 54. Tennessee wako kwenye jaribio lao la nne, la mwisho, wanahitaji yadi 24, wasipofika mpira unakwenda kwa wapinzani. Wakarusha, Jacob Warren akadaka, akaangushwa, na marefa wakasema hajafika. Kidogo tu, kama urefu wa mkono. Wakaenda kuangalia kwenye video, laki moja wakanyamaza kabisa, nikasikia kinywaji cha mtu kinamwagika kwenye ngazi tone kwa tone. Halafu refa akatangaza hajafika.

Sauti iliyotoka pale sikuwahi kuisikia, haikuwa kuzomea. Kisha chupa ya kwanza ikaruka. Chupa ya maji ikiruka na maji yake nusu inazunguka taratibu kuliko unavyodhani, maji yanakimbia huku na huku mle ndani, taa zinang'aa humo, unaweza kuifuata kwa macho mpaka inapotua. Kisha zikawa nyingi, huwezi tena kuifuata moja. Vikombe, makopo, chupa, wasichana wa kushangilia wa Tennessee wenyewe wanaondolewa pale pembeni mbio, bendi yao inaondolewa, yaani walio chini kabisa karibu na vile vitu walikuwa wa kwao. Na mbali kule ng'ambo Kiffin mwenyewe kavaa ile kofia nyeupe ya ukingo, anaonekana mdogo sana.

Yule kijana wa ovaroli alikuwa mistari miwili chini yangu. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa ameshika chupa ileile, labda siyo ileile lakini kwangu ndiyo niliyompa, na alikuwa analia, machozi yanateremka mpaka kwenye kidevu wala hayafuti. Akairusha. Mkono ukabaki juu kidogo kama umesahau kushuka. Halafu akageuka, akaniona nimesimama na eproni yangu, tukaangaliana, akaniambia "samahani kaka." Mimi. Akaniomba msamaha mimi, kama vile chupa ilikuwa yangu.

Sikumjibu. Sikuwa na la kusema, maana dakika chache nyuma masihara yake yalikuwa mdomoni mwangu.

Mengine mnayajua. Mechi ilisimama kama dakika 20, ikaendelea, ikaishia hapohapo 31 kwa 26, Kiffin alipigwa na mpira wa gofu na akawa anawaonyesha watu ule mpira, na ligi ikaja kuitoza Tennessee dola 250,000. Nilimpata mtoto wa kwaya kajikunyata chini ya ngazi. Tuliporudi kibandani tukamkuta Mama Mchungaji kamwingiza dada mmoja mzee chini ya meza ya kukatia, wamekaa sakafuni wameshikana, kwa sababu vishindo vya chupa juu ya zege ukiwa chini yake vinafanana na vitu vingine, sisi tunavijua, sina haja ya kuvitaja. Hakuna aliyemcheka yule dada. Tulikaa naye mpaka akaomba maji mwenyewe.

Asubuhi yake picha ya chupa ya haradali ikaenea, na swali la kila mtu likawa imetokea wapi, maana vibandani tunagawa pakiti. Mama Mchungaji alinipigia akiwa na wasiwasi kweli, akaniuliza, "Baba, sisi hatukutoa chupa, eh? Umeangalia?" Nilimwambia nimeangalia. Na kweli nilikuwa nimeangalia, usiku uleule kabla ya kufunga niliinama nikakagua chini ya kaunta, sijui hata nilikuwa natafuta nini, picha yenyewe bado sijaiona.

Na kwenye gari wakati wa kurudi alikuwa ametuombea, kisha akamwombea yule kijana wa kofia nyeupe, ndivyo alivyomwita Kiffin, afike kwake salama. Watu wengine wa nyuma hawakusema amina. Mimi nilisema, lakini kwa sauti ndogo.

Hili lifuatalo ndo sikumwambia mwanangu mwanzoni. Kambini tulikuwa na kocha. Timu ya watoto, mpira wa mifuko ya plastiki umefungwa kamba, yeye ana filimbi na hiyo filimbi ndo ilitufanya tuwe timu. Siku moja majina yakabandikwa ubaoni, na ya familia yake yamo, wanapelekwa nje, na alfajiri ya siku ya basi akaondoka hajatuaga. Jumamosi yake tulikuwa na mechi. Tulikwenda, tukafungwa mabao mengi, na tuliporudi tukamtungia wimbo wa kumsema, wimbo mbaya, tulimtaja mpaka mama yake, tukaimba bombani miezi na miezi mpaka watu wazima wakatukataza. Mimi nilikuwa mmoja wa waliotunga. Mpaka leo naujua wote. Mwaka 2007 zamu yetu ilipofika na sisi tulipanda basi alfajiri, na wapo ambao sikuwaaga, siyo kwa ubaya, ni kwamba ukimuaga mmoja itabidi uwaage wote na miguu haitakubali kupanda.

Sijui Kiffin ana miguu ya namna gani. Yeye analipwa mamilioni, sisi hatukuwa na pa kubaki, sifananishi. Lakini nikiona zile picha zinapita kwenye simu na watu wanacheka, mimi namuona yule kijana na kidevu chake kimelowa, na najiuliza mtu aliyekaa na wewe msimu mmoja tu ukimsema kwa miaka zaidi ya kumi huko bado ni kumchukia au ni nini.

Mwishowe nilimsimulia mwanangu habari ya kocha na filimbi. Alisikiliza, haradali inamkaukia kwenye soseji. Akauliza, "Sasa na nyie mlimrushia nini?"

Nikamwambia hatukumrushia kitu, kule chupa tupu haitupwi, inawekwa mafuta ya kula, chupa ya mtu unaijua ni ya nani.

"Na kama mngekuwa nazo nyingi?"

Mama yake akamwambia ale, chakula kinapoa.