Kokwa tuliloliharibu kwa siki

Kosa lilikuwa letu. Tulizoea mbegu za kale zilizogeuka makaa, ambazo ukiziloweka kwenye asidi hafifu udongo huachia, zenyewe zikabaki. Makokwa ya kale ya kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Viktoria nchini Kenya, hayako hivyo. Majivu ya Kisingiri, volkeno ya kale iliyokuwa karibu, yalijaa chokaa, na yapata miaka milioni 18 iliyopita madini hayo yalishika nafasi ya ganda lenyewe. Tulipotumbukiza kokwa moja kwenye siki iliyozimuliwa, povu likatoka kwenye kokwa, si kwenye udongo. Dakika chache tu, matuta ya mgongoni yakalika kama sabuni.

Mezani tulikuwa na mafungu mawili ya makokwa yaliyopinda kama mwezi mwandamo, ya Menispermaceae, jamii ya mimea ambayo mingi hutambaa: yenye matuta, na laini. Tulishayaandika kuwa spishi mbili. Sasa lile la siki halikutofautika na yale laini. Kumbe laini ndiyo yaliyookotwa juu ya ardhi, yamesuguliwa na kuoshwa na mvua miaka na miaka. Spishi moja ikafutwa.

Tukaanza upya kwa maji, brashi na sindano chini ya hadubini. Urefu, upana na unene tulivipima kwa kalipa mara tatu kila kimoja, matuta tukayahesabu. Lakini sura ya nje hudanganya. Ushahidi umo ndani, kwenye chumba cha mbegu na kile kinundu cha katikati ambacho mbegu hujikunja kukizunguka. Skani ya CT, yaani eksirei inayoonyesha ndani ya kitu, haikutufaa: chokaa imejaa ndani ya chokaa, picha nzima kijivu. Tukategemea yaliyovunjika, na moja tukalikata kwa msumeno mwembamba.

Matano kati ya yenye matuta yalikuwa na chumba chenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Tuliyalinganisha na makokwa ya mimea ya leo, yaliyochemshwa mpaka nyama ikatoka, kisha na maelezo ya mtafiti Chesters ya 1957 kuhusu mimea ya kale ya Rusinga. Hakuna lililolingana; ilikuwa spishi mpya ya kupewa jina.

Kanuni za majina ya mimea zinadai maelezo kwa Kilatini au Kiingereza, picha, na sampuli moja tu ya kubeba jina, ikitajwa inakohifadhiwa. Wengi wetu walitaka lile zima, zuri la kupiga picha. Namba ya makumbusho ikaandikwa kwenye lililomeguka ubavu, chumba kikionekana.