Thanksgiving mwaka huu, kwangu kumefungwa

Ukiwa wa kwanza kununua nyumba kati ya Waswahili wa mji wenu, jua umepewa ujumbe wa nyumba kumi bila kugombea. Hapa Louisville, Kentucky, cheo hicho kimeniangukia mimi. Ikifika Novemba, mwezi wa Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru na kula bata mzinga, simu zinaanza, na hakuna anayeuliza kama kutakuwa na shughuli. Wanauliza, "Dada, mwaka huu tuje saa ngapi?"

Na wanakuja kweli: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, watoto wao, na mgeni wa mgeni. Alhamisi ya nne ya Novemba shule na ofisi zimefungwa, nje baridi, ndugu wako mbali, sasa mtu aende wapi? Hilo nalielewa. Lakini bata mzinga wa kilo saba akitoka dukani ni jiwe la barafu, anataka siku tatu nne kwenye friji ayeyuke. Ukishamhangaikia hivyo, watu wanamwonja kidogo, "mh, mkavu huyu," halafu wote wanahamia kwenye pilau. Umepika mara mbili. Ukisema saa nane, wa kwanza anabisha hodi saa kumi na moja. Wa mwisho anaondoka usiku wa manane na foili yake mkononi, na mimi alfajiri natakiwa kazini, kwa wazee ninaowahudumia.

Baba watoto ndiye aliyesema tusafiri. Mwanzoni niliona haya, maana kwetu Tanga nani anafunga mlango siku ya sikukuu? Halafu nikajiuliza, sikukuu ya nani? Rais wao Lincoln aliitangaza mwaka 1863 wakiwa katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Na kule Plymouth, Massachusetts, tangu 1970 wenyeji asilia wa nchi hii hukutana siku hiyohiyo kuomboleza. Mimi nina Idi, na Idi mlango wangu uko wazi, njooni hata bila simu. Alhamisi hii wamenipa likizo, basi nipumzike.

Kupanda ndege hatukufikiria kabisa. Jumatano yake na Jumapili inayofuata viwanja vinafurika na nauli zinapaa. Tukachagua Mammoth Cave, hifadhi yenye pango kubwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi kusini mwa hapa, tukaondoka Alhamisi yenyewe asubuhi, barabara tupu. Hifadhi haina kiingilio, unalipia ziara ya pangoni tu, na tiketi kata mapema mtandaoni. Angalizo: saa za kule ziko nyuma ya Louisville kwa saa moja. Ukisahau utakaa unangoja ziara yako huku watoto wanakuuliza maswali. Halafu usitegemee mikahawa siku hiyo. Sisi tulibeba hotpoti la pilau na kachumbari, tukapanga kijumba chenye jiko.

Ndilo pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, zaidi ya kilomita 670 zimeshapimwa. Ndani ni nyuzi 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo asubuhi ya Novemba unaingia chini ya ardhi kuota joto. Lakini kilichonishika mimi ni habari za Stephen Bishop. Alikuwa mtumwa. Mwaka 1838, akiwa bado kijana, bwana wake alimleta pale awe anatembeza wageni. Yeye akaenda mbali zaidi, akavuka shimo lililodhaniwa halina mwisho, akagundua njia na mito iliyokuwa haijulikani, kisha akachora ramani ya pango kwa kumbukumbu ya kichwa chake. Watalii wakawa wanamwulizia kwa jina. Aliachwa huru mwaka 1856, na mwaka uliofuata akafa. Kaburi lake liko palepale hifadhini, unafika kwa miguu. Mwanangu wa kiume alisimama pale muda, kisha akauliza, "Mama, yeye alikuwa analipwa?" Nikamwambia pango halikuwa lake, na yeye mwenyewe hakuwa wake. Shuleni wanamfundisha kukata bata mzinga wa karatasi. Hili halijafika bado.

Kusemwa tulisemwa, sitaficha. "Siku hizi wamekuwa Wazungu, hawataki watu." Shoga yangu mmoja alininunia wiki nzima, ingawa yeye ana sebule kubwa kuliko yangu na hajawahi kuchemsha hata chai ya watu ishirini. Nikaacha wanune. Nikatuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp: watoto na makoti yao mlangoni mwa pango, na moja ya lile hotpoti.

Kimya siku mbili. Siku ya tatu ukaingia ujumbe kwamba mwakani twende wote, tukodi mabasi madogo, twende na wazee. Likes zikamiminika. Ujumbe wa pili ulitoka kwa yuleyule shoga yangu: "Wazo zuri sana. Sasa dada, lile pilau utapikia nyumbani au kulekule?"