Chenza la Bibi wa Toyohashi

Juzi binti yangu alimenya chenza karibu na uso wangu, ganda likarusha ule mvuke wake mkali, nami nikainuka nikatoka nje. Akanifuata mlangoni. "Baba, nimekuudhi?" Nikamwambia hapana, mwanangu, endelea kula. Machenza yale yalikuwa ya Muheza, matamu, hayana kosa lolote. Lakini harufu ile kwangu si ya Muheza. Ni ya Toyohashi, Japani, usiku wa tarehe 20 Desemba 2005, sebuleni kwa Bibi.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu nyumbani kwake. Kila Jumanne saa tatu usiku aligonga ngazi kwa kijiti cha ufagio, nami nikashuka. Bibi aliamini kwamba Kijapani cha maabara hakimtoshi mtu kuishi na watu, na kwamba tamthilia ingenifundisha kilichobaki. Tuliketi kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye hita chini na blanketi nene juu, miguu yetu ikiwa ndani ya joto na migongo ikiwa kwenye baridi, na katikati yetu bakuli la machenza. Tamthilia ya majira yale ilikuwa "Lita Moja ya Machozi", vipindi 11 tangu Oktoba 11, katika Fuji TV.

Ni habari ya kweli. Aya Kito alikuwa msichana wa Toyohashi, mji ule ule tuliokaa. Akiwa na miaka 15 aliambiwa ana ugonjwa unaokula sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo: kwanza miguu inakosa uhakika, kisha mikono, kisha ulimi, na akili muda wote iko macho inashuhudia. Aliandika shajara mpaka kalamu ikamshinda. Shajara ikawa kitabu mwaka 1986, na miaka miwili baadaye, Mei 1988, akafariki akiwa na miaka 25. Tamthilia ilimpa jina jingine la ukoo, na ikampa kijana wa kumpenda ambaye hayumo katika shajara. Wakati ule niliona wamemkosea adabu kumzushia mpenzi. Sasa nina binti, sioni tena hivyo. Aliyeandika alitaka yule mtoto apate kitu ambacho maisha hayakumpa, na mimi pia ningempa.

Kipindi cha tatu kilikuwa na swali lake: kwa nini ugonjwa umenichagua mimi? Bibi alilirudia polepole ili nishike maneno. Nilikuwa nimeshayashika. Kitindamimba wetu aliniuliza swali hilo hilo akiwa na miaka 11, usiku mmoja mifupa yake ilipokuwa inawaka na mama amekwenda kutafuta gari. "Kaka, mbona mimi tu?" Sisi wengine watano damu zetu ni nzima, yeye peke yake alizaliwa na selimundu. Sikuwa na jibu. Nilimkanda miguu kwa maji ya moto mpaka gari likaja.

Alifariki Agosti ile ile ya 2005. Kaka mkubwa alinipigia simu nikiwa maabara, akasema, "Tumetoka makaburini sasa hivi." Walimwosha, wakamsalia, wakamzika kabla ya mimi kujua kuwa amekufa. Hakuna aliyekosea. Kwetu maiti halazwi, na hata angengojwa siku mbili nisingefika. Nilisema innalillahi, nikakata simu, nikarudi kwenye mashine kwa sababu sampuli ilikuwa imebakiza dakika 40. Nikamaliza. Siku iliyofuata nikaenda tena. Machozi hayakuja, wala arobaini yake ilipofika hayakuja. Bibi sikumwambia kitu. Nilikuwa nikishuka kila Jumanne, nakula machenza yake, naangalia mtoto wa watu anavyopoteza miguu, na macho yangu makavu.

Usiku wa kipindi cha mwisho baridi ilikuwa kali kuliko zote. Jana yake Nagoya, safari isiyofika saa moja kwa treni, ilikuwa imefunikwa na theluji ya sentimita 23. Bibi aliandaa boksi la tishu mapema, akaliweka upande wake.

Nilijua Aya atakufa. Kila mtu Japani alijua. Kwa hiyo nilipoiona saa yake inakaribia nilikuwa nimejikaza kama mtu anayengoja sindano. Erika Sawajiri, aliyemwigiza, alikuwa kitandani hawezi tena kutamka, anaonyesha herufi moja moja kwenye ubao, na mama yake, Hiroko Yakushimaru, anazikusanya kuwa neno. Bibi alikuwa analia bila sauti, anakunja tishu mraba, anaikunja tena. Aya akafa. Sikulia. Nikajisemea kwamba basi, nimeumbwa hivi.

Tamthilia haikuishia pale. Mwaka mmoja unapita, baba na mama wanakwenda kuzuru kaburi la mtoto wao, wanadhani watakuwa wenyewe. Wanainua macho na kuona watu. Si kumi wala ishirini. Watu wengi, wamesambaa penye majani, wengine vijana, wengine watu wazima, kila mmoja na maua mkononi, wamekuja kwa mtu ambaye wengi wao hawakumjua ila kwa maandishi yake. Mama anasimama. Kamera haimwondoki. Uso wake haulii kwanza. Unashangaa, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo kwa mkono mmoja muda mrefu, halafu akahisi mikono mingine chini yake.

Hapo ndipo kitu kilipotoka kifuani mwangu kwa sauti. Ilinishtua mwenyewe. Niliinamia meza, paji la uso likagusa mbao, nikalia kama nilivyolia utotoni. Maana niliwaona wale watu na maua yao, nikaliona kaburi ambalo sijawahi kuliona, na nikagundua kwamba sijui nani alikuja. Sijui nani alimshusha. Kwetu mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, na mimi, kaka yake, nilitakiwa niwe mle ndani na mikono imeinuliwa kumpokea. Mtu mwingine alisimama mahali pangu. Kwa miezi minne sikuwahi hata kuuliza ni nani.

Bibi hakunishika wala hakusema pole. Alichukua chenza, akalimenya. Kisha akaanza kutoa nyuzi nyeupe, moja baada ya nyingine, hakuacha hata moja, mpaka zikajaa kwenye kiganja chake cha kushoto. Ilimchukua muda mrefu. Kwenye televisheni zilikuwa zinapita picha za Aya mwenyewe, yule wa kweli, anacheka. Bibi alisema, "Mtoto wa hapa." Akaliweka chenza mkononi mwangu, tupu na jepesi, na akauliza neno moja: nani?

Kijapani kina neno linalomtaja mdogo wako wa kike, imouto. Nililisema. Halafu akataka jina, nikalitaja, akajaribu kulitamka, likamshinda mwanzoni, akarudia mpaka likakaa. Akainuka kwa shida, magoti yake yalikuwa mabovu, akaenda kwenye kabati la marehemu wa nyumba penye picha ya mumewe. Akaweka chenza jingine mbele yake, akawasha kijiti cha udi, akagonga kikengele, na akalitaja jina la kitindamimba wetu kwa lafudhi yake.

Mimi ni Mwislamu. Sikujua niifanyie nini mikono yangu. Kuna siku nahisi ningemwambia kwa heshima asifanye, na kuna siku namshukuru Mungu kwamba nilinyamaza. Nilichofanya ni kukaa nyuma yake na kusoma Fatiha kimoyomoyo, mpaka kile kijiti kikaisha.

Nilipanda juu, nikachukua kadi ya simu. Nyumbani ilikuwa bado jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako ina nini?"

"Mama, nani waliingia kaburini?"

Alinyamaza. Nilisikia kuku, na mtu anachota maji. Kisha akaanza kunihesabia, polepole, kama aliyekuwa na orodha ile mdomoni tangu Agosti. Kaka yako mkubwa kichwani. Baba yako mdogo kiunoni. Miguuni mtoto wa mjomba wako, yule wa Pangani, aliyesafiri alfajiri bila kunywa hata chai. Akaniambia walioleta sanda, walioleta maji, mwalimu wake wa darasa la nne aliyekuja na wanafunzi, yule kijana wa genge aliyelifunga genge lake siku nzima kwa sababu marehemu alikuwa akimsaidia mahesabu. Watu walijaa hadi barabarani, alisema, magari yalisimama. Nililia tena, naye alinisikiliza bila kuniambia nyamaza.

"Leo nani amekutoa machozi?" aliuliza mwishoni.

Nikamweleza habari ya Aya. Sikuwa na maneno mazuri, kadi ilikuwa inaisha. Nikamwambia ni binti aliyeugua hivi na hivi, akafa, na leo nimeona watu walivyojaa kaburini kwake.

"Mama yake yupo?"

"Yupo."

"Ni mbali na hapo ulipo?"

"Wao ni wenyeji wa mji huu huu ninaokaa."

"Basi mpe pole. Mwambie inatoka kwangu, mama mwenzake."

Nikamwambia nitampa. Niliishi Toyohashi miaka mingine miwili, na sikumpa.