Kikohozi cha Chui na damu iliyopimwa mara tatu

Mwaka jana mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imekaza na jua likichelewa kutoka hadi saa nne, mbwa wangu Chui alirudi kutoka mahali pa kulelea mbwa nilikokuwa nimemwacha kwa wiki moja, akaanza kukohoa. Duka moja la dawa za mifugo mtaani lilikuwa tayari kuniuzia antibiotiki bila hata kumwona. Nilisita, wala sijutii, kwa kuwa kikohozi wanachoambukizana mbwa waliokaa pamoja mara nyingi huletwa na virusi, na hata kikiletwa na bakteria kama Bordetella bronchiseptica, mbwa anayekula na kucheza kwa kawaida hupona bila dawa hizo katika muda wa siku kumi hivi.

Siku ya nne Chui alikataa chakula, joto likafika nyuzi 40.1, na akawa anapumua mbio hata akiwa amelala. Daktari wa mifugo alimsikiliza kifua, akampiga picha ya eksirei iliyoonyesha kivuli katika pafu la kulia, kisha akatoa damu.

Matokeo ya kwanza yalinipotosha. Chembe nyeupe zilikuwa 15,200 kwa kila mikrolita, na kwa kuwa kiwango cha kawaida cha mbwa ni kati ya 6,000 na 17,000 hivi, nilishusha pumzi mapema mno. Daktari aliniita kwenye darubini anionyeshe kilichofichwa na jumla ile: miongoni mwa neutrofili, yaani chembe zinazotangulia kupambana na bakteria, kulikuwa na nyingi changa ambazo kiini chake kilikuwa hakijagawanyika, ishara kwamba uboho ulikuwa ukizitoa kabla ya wakati kwa sababu zilizokomaa zilikuwa zikiisha vitani.

Kipimo cha pili kilikuwa cha CRP, protini inayotengenezwa na ini mwili unapoumia au kushambuliwa na vijidudu. Kwa mbwa mwenye afya haizidi miligramu 10 hivi kwa lita. Ya Chui ilikuwa 148. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walichapisha kwamba mbwa wenye nimonia ya bakteria walikuwa na CRP ya juu kuliko wale wenye mkamba wa muda mrefu au maji katika mapafu yanayotokana na ugonjwa wa moyo. Hata hivyo, protini hii haimtaji mwenye kosa. Hupanda pia kwa usaha katika kizazi, baada ya upasuaji, na kwa magonjwa ya kupe, ambayo mbwa wa Nairobi huyapata kila mara. Ndiyo maana daktari alitafuta kwanza Babesia na Ehrlichia, vijidudu vinavyoenezwa na kupe, katika damu ileile. Jina la bakteria hupatikana kwa kuosha njia ya hewa na kuotesha majimaji yake, kazi inayohitaji usingizi wa dawa, na Chui hakuwa na pumzi ya kuustahimili.

Jirani yangu Baba Kevin alinishauri siku nyingine niipeleke damu kwenye maabara ya watu, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Nilimshukuru tu. Protini ya mbwa si sawa kabisa na ya binadamu, na kipimo ambacho hakijathibitishwa kwa mbwa kinaweza kutoa tarakimu zisizo na maana.

Kwa maoni yangu, manufaa makubwa ya CRP hayamo katika tarakimu ya siku ya kwanza, maana hata bila tarakimu ile Chui alionekana wazi kuwa mgonjwa. Yamo katika kuirudia, kwa sababu hushuka upesi chanzo kinapodhibitiwa, ilhali picha ya mapafu huchelewa. Siku ya tano tangu Chui aanze antibiotiki CRP ilikuwa 37, na siku ya kumi na mbili ilikuwa 6. Picha bado ilikuwa na kivuli, na zamani kivuli kile kingemfanya Chui ameze vidonge kwa wiki nyingine tatu au nne. Daktari aliongeza siku tano pekee, kisha akasimamisha dawa. Picha ya mwezi uliofuata ilikuwa safi.