Nilivyoomba Kukataliwa kwa Maandishi

Mwanangu ana uoni hafifu, na kila siku ya mtihani alirudi nyumbani na doa la wino kwenye ncha ya pua, kwa kuwa hakuweza kuzisoma zile herufi ndogo bila kuinamia karatasi mpaka aiguse.

Ushauri niliopewa ulikuwa wa aina mbili: mhamishie shule maalumu, au usiwaudhi walimu wasije wakamlipizia mtoto. Nikaufuata huo wa pili na kuiandikia shule barua ya kurasa 3, ya kuomba mtihani wake uchapwe kwa herufi kubwa, iliyojaa "kwa unyenyekevu" na "kwa huruma yenu", nikisimulia hata kuzaliwa kwake kabla ya miezi kutimia. Leo nikiisoma naona haya. Nilijibiwa kwa mdomo, kwa upole mwingi, kwamba jambo hilo linaangaliwa, nalo likaangaliwa muhula mzima.

Nilikuwa nimeomba hisani mahali penye haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika Ibara ya 24 unazitaka nchi zilizouridhia kuhakikisha elimu jumuishi na marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji ya mwanafunzi, na Ibara ya 2 inahesabu kumnyima mtu marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Shule inaweza kujitetea kwamba marekebisho yaliyoombwa ni mzigo uliopita kiasi, kwa hiyo niliupima mzigo wenyewe: mtihani wa kurasa 4, ukichapwa kwa herufi za ukubwa wa 18, ulifika kurasa 9. Nani angethubutu kuziita kurasa 5 mzigo?

Barua yangu ya pili haikuzidi nusu ukurasa. Niliambatisha cheti cha daktari wa macho, nikataja ibara hizo pamoja na kifungu cha sheria ya nchi (mkataba peke yake watu huuona kama habari za mbali), kisha nikamalizia kwa sentensi ambayo hadi leo najivunia: "Endapo ombi hili litakataliwa, naomba nipewe sababu kwa maandishi, pamoja na jina na saini ya aliyeamua." Nakala yangu niliigongesha muhuri wa kupokelewa. Kumbe watu wengi wako tayari kukukatalia, ila hakuna anayetaka kutia saini. Siku ya tatu niliitwa.

Mara ya kwanza waliukuza mtihani kwa fotokopi kwenye karatasi za A3, ambazo zilining'inia pande zote mbili za dawati na kumfunika jirani yake, aliyelalamika kwamba hana mahali pa kuweka kiwiko. Nikarudi ofisini na kueleza upya kwamba kinachokuzwa ni herufi, karatasi ibaki ileile ya A4.

Mtihani uliofuata alirudi na pua safi. Hisabati alipata 41. Herufi zote aliziona vizuri, hesabu ndizo hakuzijua.