Gari liliacha kurukaruka nilipobadilisha shokapu

Nilifunga springi fupi na ngumu, nikabakiza shokapu za kiwandani. Gari lilipendeza, lakini kwenye kona yenye matuta lilirukaruka na tairi za nyuma zikapoteza mshiko. Nililaumu tairi. Kumbe springi hubeba uzito na kumeza matuta, lakini haizimi mtikisiko. Kazi ya kuzima mtikisiko ni ya shokapu, na zangu hazikuwa na nguvu ya kuzuia springi ngumu isifyatuke.

Nikafunga shokapu zilizotengenezwa kwa springi za kimo hicho. Bushi, yaani mipira ya kwenye viungo vya chini ya gari, nilizikaza gari likiwa chini kwa magurudumu yake; zikikazwa likiwa juu ya jeki hubaki zimejipinda, zikachanika mapema. Kisha nikafanya alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, maana kushusha gari hubadilisha kemba, ule mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje. Kona ileile sasa napita gari limetulia kabisa.